Namna ya Kupima Nyaraka za Vikaguzi vya Usalama wa Mawakala wa Akili Mnemba

Wakala wa akili mnemba ni programu inayotumia modeli ya lugha kupanga hatua, kisha ikasoma faili, ikatuma barua pepe au ikaendesha amri kwa niaba ya mtumiaji. Anayetafuta kikaguzi cha usalama wa mawakala kama hao, yaani programu inayotafuta hatari ndani yao na zana zao, hukutana kwanza na nyaraka, na mara nyingi huamua kwa kuzitegemea hizo tu. Kazi yangu hunilazimu kuzisoma mara kwa mara, na nimefikia msimamo kwamba sehemu inayostahili kusomwa mwanzo ni ile inayoeleza mambo ambayo kikaguzi hakiwezi kuyagundua. Isipokuwepo kabisa, mimi huanza kuwa na shaka.

Chukua hatari ya kupenyeza maagizo, yaani kuficha amri ya hila ndani ya maandishi ambayo wakala atayasoma. Orodha ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya mwaka 2025 ya hatari 10 kuu za programu zinazotumia modeli kubwa za lugha imeiweka nafasi ya kwanza, na chanzo chake ni kwamba modeli hupokea maagizo na data katika mkondo mmoja wa maandishi. Nyaraka zinazoahidi kuimaliza hatari hiyo zinaahidi lisilowezekana. Nyaraka nzuri hueleza ugunduzi unavyofanyika: je, kikaguzi hulinganisha maandishi na ruwaza zilizoandaliwa mapema, au huitaka modeli nyingine itoe hukumu? Ruwaza hutoa jibu lilelile kila mara, ila hukwepwa kwa kubadili maneno machache au kuandika amri ileile kwa lugha nyingine. Modeli huweza kuitambua maana, lakini huenda ikatoa majibu mawili tofauti kwa faili moja, na yenyewe inaweza kuhadaiwa na maandishi inayoyakagua. Msomaji asiyeelezwa haya hawezi kujua anapaswa kuliamini tokeo kwa kiasi gani.

Jambo ninalolichunguza kuliko yote ni kile kinachotokea kwenye kompyuta wakati wa ukaguzi. Mawakala wengi leo huunganishwa na zana zao kwa itifaki ya MCP (Model Context Protocol), iliyotangazwa na kampuni ya akili mnemba ya Anthropic mwezi Novemba 2024. Seva za MCP, yaani programu zinazompa wakala zana hizo, mara nyingi huendeshwa kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, na kikaguzi kinachotaka kusoma maelezo ya zana zake kwa kawaida hulazimika kuiwasha seva kwa amri iliyomo kwenye faili ya usanidi, yaani ya mipangilio ya wakala. Maana yake ni kwamba kuikagua seva usiyoiamini kunaweza kuwa ndiko kuuendesha msimbo wake kwa mara ya kwanza. Nyaraka zinazosema tu kwamba kikaguzi "kinasoma usanidi wako" zimelifunika jambo hili, hata kama si kwa makusudi. Zinazojali usalama wa msomaji hulitamka kabla ya amri ya kusakinisha, na hushauri ukaguzi ufanyike ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na sehemu nyingine ya kompyuta) isiyo na funguo za siri. Hapohapo zieleze kama maelezo ya zana hutumwa kwenye seva ya mtengenezaji, yanahifadhiwa kwa muda gani, na utumaji huo huzimwaje.

Baada ya kusoma, ninafuata mifano neno kwa neno. Huandaa seva ndogo yenye zana moja ya kujumlisha namba, na kwenye maelezo yake ninaingiza sentensi inayomwagiza wakala asome faili ya ufunguo wa SSH, ule wa siri wa kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali, kabla ya kujumlisha. Ni aina ya shambulio ambalo watafiti wa usalama wa Invariant Labs walilionyesha mwaka 2025. Kisha naharibu kwa makusudi amri ya kuiwasha seva na kukagua tena. Kikaguzi kimoja kiliripoti kwamba hakuna hatari iliyopatikana, kikamaliza kwa msimbo wa 0, namba inayoashiria kwamba kazi imefanikiwa, ilhali seva haikuwahi kuwaka. Nyaraka zake hazikuwa na mstari hata mmoja kuhusu hali hiyo. Katika mfumo unaojenga na kusambaza programu bila mtu kusimamia, sifuri husomwa kuwa ni ruhusa ya kuendelea, kwa hiyo pengo hilo la nyaraka ni pengo la usalama.

Maelezo ya kanuni ambazo kikaguzi hutumia kutoa maonyo ninayapitia haraka zaidi: kila onyo liwe na kitambulisho, mfano wa msimbo wenye kasoro, na njia ya kulinyamazisha kwa sababu iliyoandikwa.

Ninapokuta pengo, huwaandikia watunzaji wa mradi swali moja mahususi, kama vile kikaguzi hurudisha msimbo gani seva isipowaka. Jibu likiingizwa kwenye nyaraka, kikaguzi hicho hubaki kwenye orodha yangu. Likiishia kwenye mazungumzo tu, anayefuata atalazimika kuuliza upya, na kabla hajauliza mfumo wake utakuwa unapitisha seva ambazo hazikukaguliwa.