Chakula kililetwa na nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, na kwa miaka sita nimekuwa nikiandika hadithi fupi usiku, watoto wakishalala. Tatu zimechapishwa, zote kwa herufi za mwanzo za majina yangu, na wasomaji walioniandikia waliniita "Bwana". Mwanzoni nilicheka, siku hizi inaniuma. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hata msimulizi wangu wa "mimi", nikimsoma tena, namwona ni mwanamume wa makamo, ingawa sikumkusudia awe hivyo. Nikijaribu kuandika kama mwanamke, hadithi inageuka kuwa malalamiko, na mawifi zangu wanaanza kuulizana ni nani kati yao aliyesemwa. Naambatanisha hadithi moja. Nifanyeje niipate sauti yangu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwalimu, hadithi yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na penseli mkononi. Kiswahili hakitoboi siri ya nani ni mke na nani ni mume, kwani "ni-" na "a-" ni za wote, kwa hiyo nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichompa msimulizi wako ndevu bila ya wewe kutaka. Nilikikuta katika ukurasa wa pili, pale anaporudi kutoka safari: "Maji yakatengwa, chakula kikaletwa, taa ikapunguzwa." Vitenzi vitatu vimefuatana katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata mtenda mmoja aliyetajwa. Anayesimulia hivyo ni mtu ambaye maisha yake yote chakula huja tu. Wewe unajua nazi ilikunwa na nani, ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, na kwamba mchuzi uliongezwa maji baada ya hodi ya mgeni wa pili; umeyaacha hayo yote mlangoni kwa sababu vitabu tulivyosomeshwa vilituzoesha kuamini kwamba hadithi huanzia barazani, na kwamba ya uani ni umbea.

Mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, akiwa ameugua mwaka mzima, alimtungia bintiye utendi, akamwita: "Ndoo mbee ujilisi / na wino na karatasi, / moyoni nina hadithi / nimependa kukwambia," yaani, njoo mbele uketi. Wako wanaousoma utendi huo kama mafunzo ya kumtii mume na hakuna zaidi, na mimi mwenyewe zimo beti ninazobishana nazo kila nikizirudia, pale anapoagiza mume atunzwe kama mtoto asiyejua kunena, bado sijaamua kama ni unyenyekevu au ni kejeli ya mama aliyekwisha kuwajua wanaume. Lakini utazame ufundi wake. Hata usingizi wa mume una kazi ndani yake, na kazi hiyo ina mtu: "na upepo asikose / mtu wa kumpepea." Katika hadithi yako upepo ungevuma wenyewe.

Jambo la pili la kujifunza kwake linahusu hayo malalamiko. Mwana Kupona anaanza na msikilizaji mmoja, binti yake, aliyeketi karibu na wino, naye hana haja ya kujitetea mbele yake. Nashuku kwamba wewe, ukianza kuandika kama mwanamke, unawaona mbele yako mawifi, mwalimu mkuu na mhariri, na kwa hiyo kila sentensi inakuwa ushahidi wa mahakamani. Mchague mtu mmoja ambaye hukuhitaji kumweleza kwa nini umechoka, umsimulie yeye. Mawifi wataendelea kuulizana. Hata ukiandika habari za kasa na papa, atapatikana wifi atakayejiona papa.

Kuhusu jina, sikulaumu. Akina dada watatu wa Brontë, waandishi wa kule Uingereza, walitoa mashairi yao mwaka 1846 kama Currer, Ellis na Acton Bell, wakihofia kwamba waandishi wa kike hawahukumiwi kwa haki. Hata hivyo, herufi zako hazikukinga na lolote: hadithi zilichapishwa kwa sababu zimeandikwa vizuri, na sifa zake akapewa Bwana asiyekuwapo. Mwandishi wa Tanzania, Penina Muhando, alitoa tamthilia ya Nguzo Mama mwaka 1982 kwa jina lake kamili, na Mwana Kupona, miaka mingi kabla yake, alilitia jina lake ndani ya ubeti, pamoja na Pate alikozaliwa, ambamo hakuna mnakili awezaye kulifuta bila kuharibu vina.

Usiitupe hadithi hiyo wala usimbadilishe msimulizi. Rudi kwenye ukurasa wa pili, upige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa, na palipo na mtu umwandike, hata akiwa ni mtoto wa jirani aliyetumwa dukani. Safari ya huyo bwana huenda ikapungua kurasa mbili, na sidhani kama kuna atakayeidai. Kisha nitumie tena, kwa jina lako lote, maana tangu juzi nafikiria nani aliipunguza ile taa, na alikuwa ana haraka gani.