Kabla hujatafuna tena dawa ya minyoo, peleka choo maabara

Nafanya kazi maabara huku Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa ya siku yangu naimalizia kwenye hadubini nikikagua choo cha watu. Marafiki hucheka nikiwaambia hivyo. Ila ukikikalia kiti hiki utakutana na mgonjwa wa aina moja karibu kila wiki: tumbo linamsumbua muda mrefu, anatafuna dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu kama alivyoshauriwa na jirani, na anachoumwa hakiguswi kabisa na kile kidonge.

Kidonge chenyewe ni kizuri, nisieleweke vibaya. Albendazoli ya miligramu 400 unatafuna mara moja tu, na inawamaliza vizuri minyoo wa mviringo, wale warefu wanaotoka kwenye poti la mtoto mama akapiga ukelele. Safura, wale minyoo wadogo wanaofyonza damu utumboni, pia inaiweza, tena kuliko mebendazoli ya dozi moja. Kwa minyoo mjeledi kidonge kimoja mara nyingi hakitoshi, daktari anaweza kukupa dozi ya siku tatu. Amiba na jiadia hao si minyoo, ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kawaida wana metronidazoli yao, ile ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, na dozi yake inamezwa kwa siku kadhaa bila kukatisha na bila pombe.

Halafu kuna kichocho cha tumbo, minyoo wanaoingia mwilini kupitia ngozi ukiwa kwenye maji ya ziwa au mto, na hapa ndipo ninapowashwa kusema. Mzee mmoja mvuvi alinikabidhi kiberiti kilichoviringishwa kwenye nailoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, usikifungue mbele za watu." Nikakifungulia ndani. Choo kilikuwa cha tangu jana yake, kimekauka na kimejaa mchanga. Nikampa kikopo, nikamwomba arudi nacho kesho asubuhi. Kesho yake, kwenye kioo, mayai yalikuwa wazi: marefu kiasi, kila moja na mwiba wake ubavuni. Mwiba huo ukiuona huhitaji kubishana na mtu. Na mzee alikuwa ametoka kutafuna albendazoli, ambayo kichocho haikihusu.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na inatolewa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600. Ni vikubwa, vichungu, na vinaweza kukuletea kizunguzungu na tumbo kukata, kwa hiyo kula kwanza ushibe. Watoto wanaokunywa uji shuleni kabla ya kugawiwa dawa hawabembelezwi bure. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: dawa hii inaua minyoo waliokomaa, wachanga wanaipita. Kama juzi tu ulikuwa majini, ukifua au ukivuta nyavu, mwulize daktari kuhusu kurudia baada ya wiki kadhaa. Ugonjwa huu ukiachwa miaka unaharibu ini, bandama linavimba, mwisho mtu anatapika damu.

Sasa sampuli, maana majibu mabaya mengi huanzia hapo. Chukua kikopo maabara au kwenye zahanati, usije na kiberiti wala chupa ya dawa. Usichote chini wala chooni, kwenye udongo kuna vijinyoo vyake ambavyo havina habari na wewe. Usichanganye na mkojo, unaua amiba. Kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha, hakuna haja ya kujaza. Kama unaharisha, jisaidie hapo hapo kituoni ikiwezekana, kwa sababu choo cha maji kinatakiwa kionekane ndani ya nusu saa, wale wadudu wakiwa bado wanatembea. Na mayai ya safura yakilala usiku kucha kwenye joto letu hili yanaanza kuanguliwa.

Ukiambiwa "hakuna kilichoonekana", usichukulie kwamba umesafishwa. Tunaangalia kipande kidogo mno. Kama dalili zipo, omba kurudia kwa siku nyingine, hata mara tatu.

Kusaga meno usiku si kipimo cha minyoo. Sukari haizai minyoo. Na kile kinyesi cha mtoto mchanga tunachokirusha nyuma ya nyumba tukisema hakina neno kinaweza kuwa na mayai kama cha mtu mzima. Mayai ya minyoo wa mviringo hukaa wiki mbili, tatu kwenye udongo yakapevuka, yakarudi mezani na mchicha uliooshwa kwa haraka. Kitupe chooni. Mtoto akijikuna njia ya haja kubwa kila usiku, hao ni minyoo wadogo weupe wanaotoka kutaga. Nyumba nzima imeze dawa siku moja, mrudie baada ya wiki mbili, mashuka yafuliwe na kucha zikatwe. Kumtibu mtoto peke yake ni kupoteza dawa.

Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asijitafunie dawa hizi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja vilevile asipewe bila daktari, na wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu, miligramu 200.

Mwenye kifafa, hasa anayetoka maeneo ambako nguruwe wanazurura, amweleze daktari kabla ya kumeza prazikwanteli. Mayai ya tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa mrefu anayepatikana kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu yakimezwa, viluwiluwi vyake vinaweza kujikita kwenye ubongo, na dawa ikivigusa degedege linaweza kuamka. Hata asiyewahi kuonja kitimoto anaweza kuwa navyo. Inatosha aliyempikia awe na tegu na hakunawa mikono.

Na mtoto ambaye tumbo limevimba na kukaza, anatapika, hapati choo wala hajambi, huyo msimpe kidonge chochote. Minyoo wanaweza kuwa wameziba utumbo. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.