Kabla ya mapenzi, nani kampokea begi?

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya mapenzi niliuandika Dar es Salaam, kwenye chumba cha kupanga, nikiwa na hamu kubwa ya nyumbani. Binti wa miaka 19 anarudi Chamwino, kwetu Dodoma, anashuka kwenye gari, na kabla hajatua begi anakutana na kijana. Ukurasa wa tatu tayari wameshikana mikono.

Likizo nikaja kwa bibi, nikamsomea huku anapeta uwele. Alisikiliza mpaka sura ikaisha, akaweka ungo chini. "Sasa mjukuu wangu, huyu mtoto kwao wamempokeaje? Mama yake kasemaje?"

Sikuwa na jibu. Kurasa arobaini, na mama wa watu hajafungua mdomo.

Kwa hiyo wewe unayeandika hadithi ya kijana anayerudi nyumbani, nakusihi uanze na mapokezi. Nani alitoka mbio kupokea mzigo? Nani aliitikia salamu bila kuinua macho? Mimi nilipojiuliza hivyo ndipo nikagundua kwamba mama ana kinyongo: babu alipofariki, binti hakuja kuzika. Na yule kijana, ambaye mwanzoni nilimpa sura nzuri tu, alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Binti anamtazama mikono, anajua imefanya kazi iliyokuwa ya watu wa kwao. Anampenda na anamwonea aibu papo hapo. Hapo riwaya ikapata moyo.

Angalia pia sababu ya kutokurudi. Zamani umbali ulitosha, maana basi kutoka Dar lilikula kutwa nzima. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ni kama saa nne. Msomaji wa Dodoma hatakubali "ni mbali". Itabidi utafute kilichomzuia kweli, na mara nyingi ni kitu kinachouma: kufeli mtihani, ahadi ya fedha aliyoshindwa kuitimiza, neno alilomtupia mama kwenye simu.

Msimu nao usiuchukulie juu juu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mimi nilimrudisha binti Agosti, wakati wa vumbi na upepo, nikaona watu wamekaa tu wanatazamana. Nikamhamishia Januari. Mama na mwana wapo shambani wanapalilia, kila mtu na mstari wake, macho yapo chini kwenye jembe. Maneno ambayo yasingetoka sebuleni yalitoka pale, moja moja, na mama akayamaliza bila hata kusimama kunyoosha mgongo. Sura hiyo niliiandika usiku mmoja nikilia.

Nilimsomea bibi tena Pasaka. Safari hii hakuuliza habari za mapokezi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo kijana aliyechimba kaburi, ni wa ukoo gani?"