Re: Glavu ya Klinger, ni 1878 au 1881?
Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu kitabu kimoja kinasema Max Klinger, msanii Mjerumani, alitoa mfululizo wa picha wa "Glavu" mwaka 1878, kingine 1881. Vyote viko sawa. Kwanza angalia picha yako ni ya aina gani. Michoro ya kalamu na wino ilionyeshwa Berlin 1878, jamaa ana miaka 21 tu. Zile picha 10 zilizochapwa kwa bamba la metali lililoliwa na asidi zilitoka 1881. Mimi hutazama pembezoni: bamba huacha mbonyeo kwenye karatasi, kalamu haiachi. Niliwahi kuzichanganya kwenye maelezo ya picha, nikaumbuka. Na ukikuta "Opus VI" (yaani kazi ya 6) usishtuke, alizipa kazi zake namba kama mtunzi wa muziki. Mtunzi wa muziki Brahms alimkolea kweli!