Ditekta kwenye fukwe za Ziwa Victoria: toka modi ya Beach, pambana na mchanga mweusi

Mkuu, umesema umenunua ditekta ya metali, Minelab Equinox 800, ukaiweka modi ya Beach (ya ufukweni) kwa kuwa uko ufukweni, na hapo Luchelele, Mwanza, inalia mfululizo. Ukishusha sensitiviti inanyamaza, lakini hata sarafu iliyo sentimita 5 chini haiisikii. Mashine yako ni nzima. Umeiambia iko baharini, nayo inafanya kazi ya baharini kwenye ziwa lisilo na chumvi.

Maji ya bahari hupitisha umeme sana, kiasi cha maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Ya Ziwa Victoria yanacheza kwenye 100 tu. Mchanga uliolowa chumvi hutoa mlio hafifu unaofanana na wa cheni nyembamba ya dhahabu au ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Modi ya Beach imetengenezwa ikandamize milio ya aina hiyo, ili mtu wa Coco Beach pale Dar atembee bila kelele. Kwetu chumvi haipo, kwa hiyo unachokandamiza ni cheni na hereni zenyewe. Video nyingi za mafunzo zimerekodiwa baharini, ndiyo maana ushauri wa kubadili modi ukifika mchanga mbichi haukusaidii huku. Kwa upande wa unyevu peke yake, mchanga mkavu na mbichi wa ziwa unalia karibu sawa.

Kinachokusumbua ni mchanga mweusi, yaani chembe za madini ya chuma. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iburuze mchangani hatua 10. Ikitoka na ndevu nene nyeusi, hapo ardhi yenyewe inaongea na mashine. Pima sehemu tatu: juu kwenye mchanga mkavu, kwenye mstari wa mawimbi, na pale mchanga unapokutana na kokoto za majabali. Mara nyingi utakuta sehemu hizo hazifanani hata kidogo kwa wingi wa mchanga mweusi. Wala usizikimbie sehemu nyeusi. Wimbi huchambua vitu kwa uzito, na pete nzito huzama mpaka zilipo kokoto na mchanga mweusi. Mchanga mweupe laini ni raha kuupima, ila mara nyingi umeletwa juzi na upepo na hauna kitu.

Sasa mipangilio. Fuata mpangilio huu huu, kwa sababu ukianza na sensitiviti utakuwa unatibu ugonjwa usioujua.

Toka Beach, ingia Park 2 kama unatafuta pete na cheni, au Park 1 kama shida yako ni sarafu. Acha masafa yote yafanye kazi kwa pamoja. Zima simu au iweke modi ya ndege, na kama mko wawili wenye ditekta, achaneni mita 15 au zaidi. Inua koili (ile sahani ya chini) kutoka ardhini, ishike bila kuitikisa, kisha endesha kipengele cha kufuta kelele (Noise Cancel). Mashine itapitia chaneli zake 19 na kuchagua iliyo tulivu. Maeneo ya Capri Point na Kirumba yenye nyaya za umeme na minara ya simu, rudia kila ukisogea mita 100 hivi. Hapa ndipo utakapojua kelele inatoka wapi: ikilia wakati koili imetulia hewani, ni umeme, ikilia pale tu unapoipitisha juu ya mchanga, ni ardhi.

Halafu sawazisha ardhi. Equinox inatoka kiwandani ikiwa kwenye 0 kwa modi za Park, na watu wengi hawaigusi kamwe. Kwenye mchanga mweupe haidhuru. Kwenye mweusi ndiyo chanzo kikubwa cha kelele zako. Bonyeza kitufe cha metali zote, tafuta eneo la hatua mbili lisilo na chuma chochote, ingia kwenye kipengele cha ardhi, shikilia kitufe cha kukubali na kukataa, kisha pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 20 kutoka mchangani, taratibu, ikiwa sambamba na ardhi. Mlio ukififia mpaka ukabaki kidogo sana, achia. Watu hukosea kwa kusawazisha juu ya msumari uliofukiwa: namba inaruka-ruka na haitulii. Sogea, rudia. Ukihama kutoka mchanga mkavu kwenda kwenye kokoto, sawazisha upya. Ile ya mashine kusawazisha ardhi yenyewe muda wote (Tracking) iwashe tu pale ardhi inapobadilika kila hatua chache, kwa sababu ukiipitisha koili mara nyingi juu ya kitu kidogo inaweza kukizoea na kukifuta.

Ndipo uje kwenye sensitiviti. Anza na 20 kati ya 25, tembea hatua kumi, shusha namba moja moja mpaka milio ya ovyo ikatike. Kwenye mchanga mweusi mzito utaishia 14 mpaka 17. Usione unapoteza kina: mashine tulivu kwenye 15 inakuonyesha pete ambayo kwenye 23 ingezama ndani ya kelele.

Kasi ya mashine kutenganisha vitu vilivyokaribiana (Recovery Speed) inategemea takataka. Mwaloni, au mbele ya baa zenye vizibo kila kiganja, weka 6 au 7. Ufukwe msafi wa hoteli weka 4, utapata kina zaidi. Pitisha koili kwa sekunde mbili mpaka tatu kutoka kushoto hadi kulia, sentimita 3 juu ya mchanga, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukiinua koili mwisho wa kila mpito, unatengeneza milio ya uongo mwenyewe.

Kipimo cha kukandamiza chuma (Iron Bias) kina mtego wa kwetu wenyewe. Vizibo vya soda na bia ni bati la chuma lakini hulia kama sarafu nzuri, kwa hiyo wengi hupandisha kipimo hicho mpaka 8 au 9. Sasa, sarafu yetu ya shilingi 500 ni chuma kilichopakwa nikeli. Iguse na sumaku uone. Ukikandamiza chuma kupita kiasi, unazika na hizo. Mimi ningekaa 3 au 4 na kuvijua vizibo kwa njia nyingine: ukipata mlio, rudisha koili nyuma polepole mpaka ncha yake ya mbele iwe juu ya kitu. Kizibo kitashuka namba yake kwenye kioo na kukwaruza kuelekea upande wa chuma. Sarafu ya shaba, kama heller za Wajerumani au senti 10 ya tundu ya enzi za mkoloni, itabaki na namba yake mpaka mlio unapokatika.

Usizime namba za chini. Kwenye Equinox kila kilicho chini ya 0 ni chuma, na pete nyingi za dhahabu huangukia kati ya 1 na 20. Humo humo kuna karatasi za sigara, vipande vya makopo ya alumini na risasi za nyavu, yaani vile vizito vya madini ya risasi vinavyozamisha nyavu. Risasi za nyavu ndizo zitakazokutesa zaidi kwenye mialo, na hakuna mpangilio wa kuzitenga na dhahabu. Chimba. Ukichoka, hama mwalo, usizime namba.

Mawe mekundu yenye chuma, hasa pale mtu alipomwaga moramu kutengeneza njia ya gari kushuka ziwani, hulia upande mmoja tu au mlio husogea ukibadili mwelekeo wa kupitisha koili. Piga mlio kwa msalaba, kushoto-kulia kisha mbele-nyuma. Kitu cha kweli hukaa palepale.

Umeuliza pia kama uiuze ununue zile za paso (pulse induction, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi) wanazotumia wachimbaji wa Geita. Zinavumilia mchanga mweusi kuliko yako, hilo ni kweli. Lakini hazitenganishi takataka vizuri, na kwenye ufukwe wa mitumbwi utachimba misumari na ndoano kutwa. Baki na hii.

Kabla ya kurudi Luchelele, fukia nyuma ya nyumba shilingi 500, shilingi 200, pete, kizibo na risasi moja ya nyavu, kila kimoja kwa sentimita 5, 10 na 15, weka alama, sikiliza mpaka uvitambue bila kutazama kioo. Skupu mchongeshe fundi wa kuchomelea, ya chuma kisichoshika kutu, matundu milimita 7; ya milimita 10 inapitisha hereni.

Ziwa halina kupwa na kujaa kwa maana ya baharini. Kwa kawaida maji huwa juu baada ya masika, mwezi wa 5 hivi, na hushuka kuelekea mwezi wa 10, ambapo mchanga uliokuwa chini ya maji huachwa wazi. Ukiingia majini, vaa buti ndefu za mpira, epuka penye matete na konokono, na nenda alfajiri: vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Viboko na mamba waulize wavuvi, wao ndio wanaojua wako wapi wiki hiyo.

Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ya mwalo, kwenye hoteli kwa meneja. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiende na mashine. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kiache na utoe taarifa. Na fukia kila shimo, watoto wanakimbia hapo.

La mwisho: vua kifuniko cha koili kila ukitoka. Mchanga mweusi hujaa ndani yake na mashine inaanza kulia kila ikigusa kitu, hata baada ya kusawazisha ardhi vizuri. Suuza, kausha, kaza waya wa koili kwenye mpini usicheze, ndipo uchaji.