Shemeji anataka tufyeke mikoko tuchimbe chumvi, nimtumie hela?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa Majengo hapa Moshi, nauza mitumba Memorial. Nina shemeji yangu yuko Pangani, kila wiki ananipigia nimtumie milioni 2, anasema kuna sehemu ya mikoko pembeni ya mto, wakifyeka wakachimba mabwawa ya chumvi tutagawana faida, mikoko yenyewe ati ni tope na mbu tu haiingizi hata mia. Mwanangu wa form two anabisha, mwalimu wao kawaambia mikoko inapunguza joto la dunia na ina hela kuliko chumvi. Sasa tope linakuwaje na hela?

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hela usitume, kabisa. Mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi wa serikali, haiuzwi kama kiwanja, na kukata bila kibali ni kosa, kwahiyo hiyo milioni 2 inaweza kuishia polisi. Hilo tumemaliza, tuje kwenye tope.

Unaijua migomba ya kihambani. Jani likidondoka, mvua mbili tatu limeshaoza, na ile hewa ukaa, hiyo hewa inayoongeza joto la dunia, ambayo lilikuwa limeivuta inarudi zake angani. Mkoko nao unadondosha majani na mizizi inakufa, ila pale chini tope limelowa maji ya bahari siku zote, hewa haipenyi, vijidudu vinavyoozesha vinakosa nguvu, basi vitu vinajilundika tu mwaka hadi mwaka, mamia ya miaka. Siku ukienda Pangani chomeka fimbo kwenye lile tope uichomoe uinuse, utasikia harufu ya yai viza. Sisi watu wa bara tunakunja pua lakini hiyo harufu ndio dalili kwamba huko chini hakuna hewa, ghala limefungwa.

Na ghala lenyewe sio dogo. Utafiti wa 2011 uliopima mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ulikuta wastani wa tani 1,023 za kaboni, ile iliyomo kwenye hewa ukaa, kwa hektari moja, yaani kwa ekari mbili na nusu hivi, nyingi ikiwa topeni sio kwenye miti. Sasa shemeji akichimba mabwawa yake tope linakauka, hewa inaingia, mali iliyowekwa na mababu inaanza kutoka kama moshi ambao hata hauonekani. Kwenye hesabu yake ya magunia ya chumvi hiyo hasara hajaiandika popote, wala samaki na kamba wanaokulia kwenye mizizi, wala mawimbi ambayo mikoko inayapunguza nguvu kabla hayajafika kwenye nyumba za watu.

Hela taslimu je? Ipo, ila isije ikakupa tamaa. Kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wanalinda hektari 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa ile ambayo mikoko yao inaishikilia isiende angani, kama tani 3,000 kwa mwaka, miaka ya mwanzo walikuwa wanapata dola elfu 12 hivi. Wamevuta maji, wamenunua vitabu vya shule. Ukigawa kwa kila nyumba ni kidogo sana, mimi siwezi kukudanganya kwamba inashinda chumvi mfukoni mwa mtu mmoja. Inashinda ukihesabu kijiji kizima.

Shemeji kama anataka kula na mikoko bila kuikata aulizie mizinga ya nyuki, mchu, aina mojawapo ya mikoko, unatoa maua na asali yake ni nzuri.

SWALI: Niko Ngaramtoni, Arusha. Haya mambo ya mikoko sisi yanatuhusu nini, bahari hatuna?

JIBU: Maji ya Meru yanaingia Kikuletwa, ya Kilimanjaro yanaingia Ruvu, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu halafu yanashuka Mto Pangani mpaka kwenye hiyo hiyo mikoko ya shemeji wa watu. Tukiyamaliza huku juu kwa kumwagilia, kule mdomoni maji ya bahari yanapanda mtoni. Na hela ya hewa ukaa sio ya pwani peke yake, Wahadzabe wa bonde la Yaeda kule Mbulu wanalipwa kwa kulinda msitu wao na bahari hawaioni.