Kufunga spika za intakomu ndani ya helmeti bila kuumiza masikio

Kutoka Dodoma hadi Iringa kwa njia ya Mtera ni safari ya zaidi ya kilomita 250, na msafiri wa pikipiki hukaa na helmeti kichwani kwa saa kadhaa. Spika iliyoonekana kukaa vizuri ilipojaribiwa nyumbani huanza kubana sikio njiani, na maumivu hayo humwondolea dereva umakini anaouhitaji kwa ajili ya malori na mbuzi wanaokatiza barabara. Nimepita njia hiyo na ile ya Kondoa nikizungumza kwa intakomu, kifaa cha mawasiliano kinachofungwa kwenye helmeti, na mwenzangu aliye kwenye pikipiki ya nyuma, na nina hakika kwamba chanzo cha maumivu mara nyingi ni mahali spika ilipobandikwa.

Helmeti nyingi za kisasa zina vishimo vya mviringo upande wa masikio, na wengi hubandika spika katikati ya kishimo wakiamini kwamba mtengenezaji amekwisha kupima. Mtengenezaji hakukipima kichwa chako. Spika inapaswa kuelekeana na tundu la sikio, kwa kuwa ikishuka au ikirudi nyuma hata kwa sentimita moja sauti hupungua sana, nawe utalazimika kuiongeza hadi mwisho huku ukingo wa spika ukikandamiza sikio.

Kabla ya kubandua karatasi ya gundi, ishikize spika kwa selotepu tu, vaa helmeti, funga mkanda wa kidevuni na uwashe muziki wa sauti ya wastani. Kisha isukume helmeti taratibu kwa mikono miwili, mbele, nyuma, juu na chini, ukisikiliza ni wapi sauti inapokolea. Ikikolea unapoisukuma mbele, spika inatakiwa kusogezwa mbele. Ikikolea pale tu unapoibana helmeti kuelekea sikioni, spika iko mbali, na kipande chembamba cha sponji nyuma yake kitatosha. Fanya hivyo kwa kila upande peke yake, kwa sababu masikio mawili ya mtu mmoja hayalingani sawasawa.

Ikiwa spika inabana hata baada ya kupata mahali pake, usikubali fundi achonge lile povu gumu jeupe lililo chini ya kitambaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu pendekezo hilo hutolewa kwa urahisi mno. Povu hilo ndilo linalopondeka wakati wa ajali ili nguvu ya pigo isifike yote kwenye fuvu, na unene wake umepangwa kwa kazi hiyo. Zipo njia salama zaidi. Spika nyingi zina kipenyo cha milimita 40 hivi, lakini zipo nyembamba kuliko nyingine. Sponji laini inayofunika uso wa spika inaweza kuondolewa. Na baadhi ya helmeti huuzwa na sponji za mashavu za unene tofauti. Helmeti isiyo na vishimo kabisa ni afadhali ibaki bila spika, na anayenunua mpya aingize vidole ndani na kuvitafuta vishimo hivyo kabla ya kulipa.

Vumbi la Dodoma ni adui wa gundi. Safisha sehemu ya kubandikia kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, iache ikauke, kisha bandika velkro, yaani utepe wa kunasana unaoshikilia spika, na uiache usiku kucha kabla ya kuitumia. Petroli na thina zisikaribie helmeti, kwani huyeyusha povu. Nyaya zipitishwe nyuma ya kitambaa na kuachwa na ulegevu kidogo, zisikatize juu ya kipaji wala chini ya mfupa wa shavu.

Kuna pia suala la upepo, ambao katika miezi ya kiangazi huvuma kwa nguvu katika uwanda huu. Katika mwendo wa barabara kuu, kelele zake ndani ya helmeti huweza kuvuka desibeli 90, na anayeongeza sauti ya spika ili kuushinda upepo hujidhuru mara mbili. Mimi huvaa viziba masikio vya sponji, na maneno ya mwenzangu husikika vizuri zaidi kwa sababu ngurumo ya upepo imepungua.

Safari ya kwanza iwe fupi, kwa mfano hadi Bahi na kurudi. Ukifika, vua helmeti na uyatazame masikio yako kwenye kioo cha pikipiki. Alama nyekundu kwenye ukingo wa nyuma wa sikio inaonyesha kwamba spika isogezwe mbele milimita chache. Sikio likiwa jekundu lote, spika imejitokeza mno nje ya kishimo, na sponji iliyo nyuma yake ipunguzwe.